Kasyoki na Mgongo wa Mkwewe

Watu wengi hapa Tawa wakisikia jina la Kasyoki hucheka kwanza, ndipo wanasema ni mama mzuri. Mimi nimepakana naye tangu tuolewe. Shamba lake na langu yanatenganishwa na mtaro mmoja tu, na sipendi vile wanavyocheka. Kwa hivyo nimeona niandike mambo yake jinsi yalivyokuwa. Asiyetaka kusoma asisome.

Kasyoki ni mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Bwana yake alifariki mapema akamwachia msichana mmoja, Ndinda, na akamlea huyo Ndinda kwa kuuza ndengu na kusuka vyondo, hakuomba mtu. Kitu alichokuwa nacho kingi ni maombi. Akisimama kanisani kuomba, unajua chai itapoa. Na kila ombi lake lilikuwa na mahali pamoja pa kufika. Siku moja tulikuwa tunaombea mbuzi wa mtu, mbuzi amevimba tumbo, na bado Kasyoki akafika hapo: "Bwana, mponye mbuzi huyu. Na mimi mtumishi wako, nionyeshe uso wako, nikuone uso kwa uso." Mbuzi akapona. Yeye akaendelea kuomba lake.

Sasa lazima nieleze kitu, kwa sababu kuna wasomaji ambao si wa huku. Sisi Wakamba tuna kitu tunaita nthoni, ndiyo haya ya wakwe. Mama hakutani macho kwa macho na mwanamume aliyemwoa binti yake. Hawali pamoja. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Akimwona anakuja njiani, mama anaacha njia, anaingia shambani na kugeukia upande mwingine mpaka mkwe apite. Si chuki. Ni heshima, na hatuna nyingine inayoipita. Siku hizi wengi wameiacha. Utaona mama anamkumbatia mkwe wake harusini, wanapigwa picha meno yote nje. Mimi mwenyewe wakwe zangu nawasalimia kwa mkono, maana magoti yangu yamekataa kukimbilia shambani. Lakini Kasyoki alilelewa na nyanya yake, na kile alichofundishwa na yule nyanya hakukiacha hata kimoja.

Ndinda aliolewa na Muthama, kijana wa Kyuso, huko mbali Kitui kwenye jua lenyewe. Siku ya harusi Kasyoki alijifunika leso kichwani asubuhi akaitoa jioni. Picha iko nyumbani kwake. Kila mtu anaonekana, halafu pembeni kuna leso ya maua na chini ya leso kuna viatu. Hicho ndicho kilichoonekana cha mama ya bibi harusi. Na kwa sababu Kyuso ni mbali, nthoni haikumsumbua. Mkwe alikaa kwao, yeye akakaa kwake. Akisikia sauti yake kwenye simu ya Ndinda, alikuwa anaiweka simu juu ya meza na kwenda nje.

Halafu Muthama akaitwa na Mungu, akasomea upasta. Na wakubwa wa kanisa, wakitaka kutenda wema, wakamleta hapa Tawa kuwa pasta wetu. Walifikiri hivi: bibi yake ni wa huko, watoto watakuwa karibu na nyanya yao, atafurahi. Hakuna aliyeuliza mtu yeyote mwenye mvi.

Jumapili ya kwanza, Kasyoki alikuwa amekaa mbele kama siku zote. Tulikuwa hatujaambiwa jina la pasta mpya, na Ndinda alikuwa ameogopa kumwambia mama yake. Mwanamume akakohoa pale nyuma, akaanza kuja mbele akisema, "Bwana asifiwe." Kasyoki aliijua ile sauti. Leso ikapanda kichwani, akatoka kwa mlango wa kando kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Jumapili iliyofuata akaja na kigoda chake, akakiweka nje chini ya dirisha, upande wa mlimani. Dirisha letu halina kioo. Akawa anasikiliza kutoka hapo, jua liwe kali au mvua inyeshe, na akiimba tunamsikia. Huko ndani tukazoea. Watoto walikuwa wanamwita mama wa dirishani.

Nilimwambia, "Kasyoki, utaugua kifua."

"Namsikia vizuri kuliko wewe unayesinzia ndani," akanijibu.

Njiani pia alikuwa na taabu. Alikuwa anamjua Muthama kwa koti lake jeusi, kwa kikohozi, na kwa mwendo wa kutupa mguu wa kushoto. Akiona koti jeusi kule chini, anapanda matuta, anasimama katikati ya mbaazi na kuangalia mlima. Koti likishapita, ndipo anageuka na kulitazama likienda. Aliniambia mwenyewe, "Mgongo wake naujua. Ni mgongo wa mtu mtulivu." Kuna wakati mtu wa kuuza punda alinunua koti jeusi kwa Waruguru, na Kasyoki akamkimbia huyo wa punda pamoja na punda wake wote.

Waruguru ni mama wa mitumba, Mkikuyu aliyekuja hapa na bwana yake kufanya biashara. Ni rafiki yetu, lakini mdomo wake hauna mlango. Alikuwa anamwambia Kasyoki, "Mama Ndinda, hata kwetu hiyo ilikuwako, tukaiacha. Pasta ni mtu wa watu wote!"

"Kama mliiacha, hiyo ni yenu," Kasyoki akasema. "Mimi nimekuuliza bei ya blausi."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la kuchekesha, nalo ni Meza ya Bwana. Kwetu sisi, mkate na kikombe vinatolewa na pasta peke yake, kwa mkono wake. Wazee wa kanisa hawaruhusiwi. Mimi niliuliza kama naweza kumpelekea Kasyoki pale dirishani, nikaambiwa mimi si pasta. Hilo nililijua. Basi tangu Muthama aje, Kasyoki hakushiriki. Siku za Meza alikuwa anakaa pale nje na mikono yake juu ya magoti, anasikia watu wakienda mbele na kurudi. Hakulalamika. Ila nilikuwa nikitoka namkuta hanisemeshi mpaka tufike nyumbani. Mtu ambaye maisha yake yote ni kanisa, ananyimwa kitu kile kile ambacho ndicho kanisa. Na anayemnyima ni heshima yake mwenyewe. Angemlaumu nani?

Siku moja Muthama alihubiri juu ya mbinguni. Anahubiri vizuri, sina neno, ingawa akipiga chafya anapangusa kwa tai. Akauliza, "Nani hapa anataka kumwona Mungu uso kwa uso?"

Mikono yote juu. Hata Waruguru akainua yote miwili.

"Nani anataka kumwona leo? Kabla ya chakula cha mchana?"

Mikono ikashuka kama kuku walioona mwewe. Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu pale dirishani kulikuwa na mkono. Mkono mrefu, mkavu, umetoka chini ukasimama kwenye dirisha, na haukushuka. Pasta aliuona. Alijua ni wa nani. Akainama kwenye Biblia yake, akapoteza mstari aliokuwa anasoma.

Kisha akaniona mimi. "Mama Kimeu, wewe hukuinua hata mara ya kwanza."

"Sikuinua," nikamwambia.

"Kwani hutaki kumwona Mungu?"

"Pasta, mimi baba yangu alikuwa mtu mkubwa, na sikumwangalia usoni hata siku moja. Nilikuwa naangalia miguu yake, najua amerudi, nafurahi. Hiyo ilinitosha."

Wengine waliguna. Mimi sikukaa kanisani kusema uongo.

Tukienda nyumbani nikamchokoza Kasyoki. "Wewe unamkimbia Muthama, mtu wa chafya, halafu unataka kumwona Mwenyezi? Leo? Kabla ya kula?"

"Muthama ni mkwe. Mungu si mkwe wangu."

"Na kama uso wake ni mkali?"

"Nitazoea."

"Utazoea! Jua tu huwezi kuliangalia."

"Ndiyo maana nimeomba miaka yote hii," akasema. "Kingekuwa kitu rahisi ningeomba mara moja." Na huyo akashika njia ya kwake.

Mambo yalikaa hivyo mpaka kiangazi kile ambacho mto ulikauka ukabaki mchanga, tukawa tunachimba visima mle ndani ya mchanga kama kawaida. Kasyoki alikuwa amejaza mtungi wake, hana wa kumtwika. Akaona mwanamume anavuka mto, na kwenye mchanga kila mtu hutupa miguu, amevaa fulana kuukuu ya kampeni, mweupe kutoka kichwani mpaka kiunoni. Alikuwa ametoka kusaga mahindi, mfuko ukampasukia begani, unga ukamwagikia nywele, nyusi na kope zote. Kasyoki akamwita.

"Wewe kijana! Kuja unitwike."

Yule mtu akasimama kabisa. Kasyoki akafikiri ni mvivu.

"Kwani unaogopa maji? Kuja."

Akaja kichwa kimeinama. Akainua mtungi.

"Siyo hivyo! Kwenu hakuna mama? Pandisha kwanza hiyo kamba. Haya. Shikilia. Sasa wacha." Na mtungi ulipokaa vizuri mgongoni na kamba kwenye paji la uso, akamwangalia sawasawa, akambariki kama anavyobariki watu wote. "Asante mwanangu. Mungu akuonyeshe uso wake."

Yule mtu akainama tena, akaenda bila neno. Alikuwa Muthama. Angesema hata neno moja, sauti ingemfichua. Angekimbia, angemwacha mama mzee mtoni na maji yake. Alifika nyumbani akakaa jikoni na unga wake wote, akamweleza Ndinda. Ndinda, badala ya kumhurumia, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia mimi, tukapatana kwamba mama asijue. Halafu akamwambia Waruguru, na kumwambia Waruguru ni kubandika tangazo sokoni.

Siku ya soko Kasyoki alikuwa anachagua nguo. Waruguru, na moyo wake mzuri tu, akasema, "Mama Ndinda, pongezi! Nasikia mkwe amekutwika maji mtoni, na mkaongea. Si hiyo kitu sasa imeisha?"

"Mkwe gani?"

"Si Pasta! Yule wa unga."

Kasyoki aliirudisha blausi mahali pake, akaikunja vizuri, akaenda.

Jumapili hakuonekana dirishani. Ile nyingine pia hakuonekana. Ndinda alienda kwake akakuta mlango umefungwa kwa ndani, akaambiwa, "Niko sawa, rudi kwa bwana yako." Pasta akawaambia wazee wa kanisa kwamba ataomba ahamishwe, arudi hata Kyuso, kwa sababu hawezi kuwa mtu wa kumfukuza mama ya bibi yake kanisani. Ndinda akalia. Wazee wakaniangalia mimi. Sijui kwa nini kila kitu kikiharibika watu wananiangalia mimi, lakini nilienda.

Kasyoki aliufungua mlango kwa sababu aliujua ubishi wangu. Alikuwa anapepeta ndengu. Nikachukua ungo wa pili nikaanza kupepeta bila kualikwa.

"Umekuja kunicheka," akasema.

"Ningetaka kukucheka ningekuchekea kwangu, nisivuke mtaro. Nataka kujua utakaa humu mpaka lini."

"Sirudi kanisani."

"Kwa sababu ya mtungi? Ulikuwa hujui. Nthoni haimshiki asiyejua. Hata nyanya yako angekuambia hivyo."

"Najua."

"Basi ni nini?"

Alitoa kijiwe kwenye ndengu akakitupa. Kisha akasema, na hapa naandika vile alivyosema kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yake. "Mama Kimeu, nilimwangalia. Nilimwangalia machoni. Mtu ambaye nimemheshimu kuliko kila mtu, nimemwachia njia, nimenyeshewa na mvua kwa ajili yake. Na sikuona kitu. Niliona kijana wa unga. Nikamtuma kama mfanyakazi, nikamgombeza juu ya kamba. Sasa ninaomba nimwone Mungu. Nikimwona, nitamjua? Au nitamwambia, wewe, nitwike huu mtungi, halafu niende zangu?"

Nikapepeta. Mwishowe nikasema, "Na akikutwika?"

"Eh?"

"Nasema, ukimtuma Mungu akutwike, na akutwike. Kuna ubaya gani? Huyo kijana wako alikasirika? Aliinama, akabeba, akaenda na unga wake. Mungu akiwa na adabu kama ya Muthama, mimi nitamshukuru."

"Wewe unaongea hivyo kwa sababu hutaki kumwona."

"Sitaki, na nakuambia sababu. Ndinda akiwa mdogo ulimbeba wapi?"

"Mgongoni."

"Aliona uso wako?"

"Aliona shingo."

"Alilia kwa sababu ya hiyo shingo?"

"Alilala," akasema Kasyoki. Akashika ndengu mkononi, akaziangalia. "Ndinda alikuwa analala vizuri sana mgongoni."

"Sasa mimi niko hapo. Nimeridhika na shingo. Wewe endelea na maombi yako, sikuzuii."

Hapo nikakumbuka kumwambia mahubiri aliyoyakosa. Muthama alikuwa amehubiri juu ya Musa, jinsi Musa alivyoomba kuona utukufu, akaambiwa mwanadamu hawezi kuuona uso na kuishi. Akawekwa kwenye ufa wa mwamba, akafunikwa kwa mkono mpaka Mungu apite, halafu akaonyeshwa mgongo. Kasyoki alikuwa anaijua hiyo habari kuliko mimi, lakini aliacha kupepeta akanisikiliza kama ambaye hajaisikia.

"Musa alilalamika?" akaniuliza.

"Sikusikia kwamba alilalamika. Aliinama, akaabudu."

Akacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya soko. Kisha akawa mkali. "Nimesikia wanataka kuchinja mbuzi waiondoe nthoni."

Ni kweli, wazee walikuwa wamependekeza. Iko njia hiyo: mkwe anatoa mbuzi, watu wanakula, na mama na mkwe wanakuwa huru kusalimiana. Muthama alikuwa tayari.

"Waambie sitaki," Kasyoki akasema. "Mimi sijachoka kumheshimu. Lakini asihame. Mchukulie hizi ndengu, ni za shamba la mama ya bibi yake, na umwambie kutoka kwangu: mgongo wake unanitosha."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Usiongeze yako."

Sikuongeza. Nilimkuta Pasta anakata kuni, nikaweka ndengu chini, nikasema, "Mama Ndinda anasema usihame, hataki mbuzi, na mgongo wako unamtosha." Alisimama na shoka. Akaniuliza ana maana gani. Nikamwambia nimetumwa kusema, sikutumwa kueleza.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Nilipofika, kigoda kilikuwa chini ya dirisha na Kasyoki juu yake, leso imekaa sawa. Niliingia.

Muthama aliwapa watu wote. Nilidhani amemaliza. Lakini akachukua sinia tena, akaweka kipande cha mkate na kikombe kimoja kidogo, akatoka kwa mlango wa kando. Kanisa zima lilihamia madirishani. Wazee wa kanisa, watu wa heshima, walikuwa wanasukumana kama watoto. Mimi nilikuwa na mahali pazuri kwa sababu nilifika kwanza.

Alipofika kwenye kona ya ukuta, akageuka. Akampa Kasyoki mgongo, akaishika sinia nyuma yake kwa mikono miwili, na akaanza kurudi kinyumenyume kumfuata alipo. Pole pole, mguu huu, mguu huu, ule wa kushoto ukitupwa kama kawaida yake. Kasyoki alisimama. Upande huo kuna mteremko na mawe ya ukuta yaliyobaki, na Pasta hana macho kisogoni. Sinia ilikuwa inacheza. Waruguru akaanza kucheka kwa pua, nikamkanyaga.

Tukaona kisigino cha Pasta kinaenda moja kwa moja kwenye jiwe. Hakuna aliyethubutu kusema, maana ilikuwa ibada.

"Jiwe," Kasyoki akasema. "Mwanangu, angalia jiwe. Kuja kulia."

Hakuwahi kumsemesha hata mara moja akijua ni yeye. Muthama alishtuka na hiyo sauti kuliko ambavyo angeshtuka na jiwe. Akaenda kushoto, akalikanyaga, akayumba. Kikombe kikamwagika nusu kwenye koti. Kasyoki akanyoosha mkono haraka akaishika sinia kwa upande wake, na wakawa wameishika pamoja, yeye kwa mbele yake, Pasta kwa nyuma yake, kila mmoja akiangalia njia yake. Muthama akasema maneno ya mkate akiuangalia mlima. Kasyoki akachukua mkate akala. Akanywa kile kilichobaki kwenye kikombe.

Pasta aliendelea kusimama pale, kwa sababu hakuweza kuona kama amemaliza, na Kasyoki hakuwa na haraka. Alipangusa mdomo kwa leso, akakirudisha kikombe kwenye sinia, akakikalisha vizuri kisianguke.

"Nimemaliza, Pasta," akasema. "Enda. Watu wanakungoja."